Kwa Daktari Badala Yako

Mjini, 4 Februari

Wifi Mawingu,

Mimi mzima, magoti ndiyo yananuna. Wiki nzima nimepima mapazia ya ofisi ya bima, ghorofa tatu, na kila chumba kina dirisha lisilotaka kufanana na jirani yake. Nikirudi nyumbani nakaa tu. Tangu likizo yako iishe na upande tena huko kituoni kwako, chumba cha mbele kimekuwa kikubwa mno. Umenizoesha vibaya. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nikisema kitu mtu anaweza kunijibu.

Nakuandikia juu ya kile kikohozi, na usinune. Nilikusikia kila asubuhi. Ulikuwa unafungua bomba la bafuni ili nisisikie, kumbe bomba lile halina maji ya kuficha hata chafya. Kaka yako alianza hivyohivyo. Na yeye alisema ni vumbi, na yeye alikuwa na sigara mkononi wakati anasema. Wifi, nimeshamzika mume. Sina nguvu za kuzika kifua kilekile mara ya pili.

Nilikuomba twende kliniki, ukasema likizo si ya kukaa kwenye foleni. Haya. Sasa mteja wangu mmoja ameniambia kuna vidonge ambavyo daktari anaviandika, mtu anameza na hamu ya sigara inapungua. Yeye ameacha, na mimi ni shahidi, maana zamani nikifua mapazia yake maji yalitoka rangi ya chai na mara hii yametoka safi. Niambie tu kama uko tayari. Mengine niachie mimi.

Wifi yako,
Mapazia


Kituoni, 17 Februari

Wifi Mapazia,

Barua imefika na lori, pamoja na mchele, betri na viazi ambavyo nusu yake vimeoza. Dereva siku hizi ananipa barua kabla ya viazi. Ameshanijua.

Huku ni ukungu. Kila baada ya saa tatu natoka, nasoma kipimajoto, nasoma mtungi wa mvua, natazama mawingu yako upande gani, halafu nawatajia ofisi tarakimu kwa redio. Anayepokea anasema "nimepata" na kukata. Hiyo ndiyo sauti ya binadamu ninayoisikia mlimani. Kati ya kusoma na kusoma nina sigara. Haiongei, lakini inakaa nami.

Nataka kuacha, sikudanganyi. Juzi nilipanda mlingoti kusafisha kipimaupepo, nikafika katikati nikasimama pale muda mrefu, pumzi imegoma. Lakini kliniki siendi. Likizo imekwisha, na zahanati ya idara yetu hapo chini ya mlima ina mdomo mpana. Unachomwambia mganga kinafika ofisini kabla hujamaliza kufunga vifungo. Kama hivyo vidonge vinapatikana bila mimi kuonekana, vilete, nitavimeza. Ila usinianzishie maswali.

Mawingu


Mjini, 2 Machi

Wifi Mawingu,

Nimekwenda kwa daktari badala yako. Cheka kwanza, halafu usome.

Nilivaa koti la kaka yako. Sijalifua tangu aondoke, kwa hiyo lina moshi wa kutosha kumdanganya daktari yeyote. Nilipolivaa nilikaa kitandani kidogo, sikuweza kuinuka mara moja. Basi. Nikaenda, nikapanga foleni, nikaingia. Daktari ni mama mdogo kwa umri kuliko sisi, mpole, anauliza kitu na anangoja jibu. Akaniuliza navuta ngapi, ya kwanza naivuta saa ngapi baada ya kuamka. Nikajibu vyako. Akanipima presha, ikawa nzuri, akashangaa. Akanisikiliza mapafu, akashangaa zaidi. Mimi nikamkoholea kidogo, kile kikohozi chako cha bafuni, nikaona ameridhika.

Halafu maswali mengine mengi, mpaka nikahisi niko kwenye mtihani. Nina mimba? Nimewahi kuanguka kifafa, hata utotoni? Nimewahi kuumia kichwa? Nakunywa pombe kupita kiasi? Kuna dawa nyingine ninazotumia? Hapana, hapana, hapana. Nilifaulu yote, wifi. Mwisho akaniuliza nyumbani nitakuwa na nani siku ya kuacha, maana inasaidia kuwa na mtu. Nikasema nitakuwa na wifi yangu. Lilinitoka tu.

Vidonge nimeviweka kwenye kopo la vifungo ili dereva asiwe na la kusimulia. Boksi halikuenea, nimelitupa. Lile karatasi lake la ndani nimelitoa, ni refu, limejaa maandishi madogo ya kutisha watu, na wewe nakujua, ungesoma mstari mmoja ukavirudisha. Ya muhimu ni haya. Siku tatu za mwanzo kimoja asubuhi. Baada ya hapo kimoja asubuhi na kimoja jioni, visikaribiane. Wiki ya kwanza endelea kuvuta kama kawaida, ndivyo dawa inavyotaka, ila uchague siku ya kuacha katika wiki ya pili. Nimekuchagulia Jumatatu. Jumatatu hiyo na mimi nitaacha sukari kwenye chai, tusumbuke wote.

Mapazia


Kituoni, 17 Machi

Wifi Mapazia,

Jana ilikuwa Jumatatu. Sijavuta.

Vidonge nilianza siku ileile lori lilipoondoka. Mdomo unakauka, usingizi umekuwa haba, lakini dawa inafanya kazi kweli. Wiki ya kwanza ilipokuwa inaisha sigara ilianza kuwa na ladha ya soksi. Jana asubuhi nilichukua pakiti iliyobaki nikaitupa chooni, halafu nikasimama pale mlangoni nikikitazama choo. Mtu angeniona angedhani nimedondosha pete.

Shida ni mikono. Sijui niiweke wapi. Nimeng'arisha sufuria, nimekaza skrubu zote za kibanda cha vipimajoto, nimepaka mlango rangi. Na muda umekuwa mrefu. Nilikuwa sijui upweke wa hapa una ukubwa gani kwa sababu nilikuwa naufukiza, sasa moshi umeondoka nauona wote. Usidhani nalalamika. Wewe una chumba kimoja kikubwa, mimi nina mlima.

Niandikie barua ndefu. Hata kama ni habari za mapazia ya bima.

Mawingu


Mjini, 30 Machi

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umeacha! Nimemwambia mama muuza nyuzi kwamba tumeacha kuvuta. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema hakujua hata kama nilikuwa navuta. Nikamwambia wewe hujui mengi.

Chai bila sukari ni adhabu, lakini naendelea. Ofisi ya bima wameyakataa mapazia. Wanasema rangi ya kijivu inawanyima wateja matumaini, kana kwamba matumaini yanauzwa kwa mita. Nimeanza upya na ya kijani. Jioni nikishona nakuhadithia kwa sauti, halafu nakumbuka hupo. Ukimya wa nyumba hii, wifi, mtu hauzoei. Watu waliniambia baada ya mwaka nitauzoea. Mwaka umepita.

Wiki hii nakwenda kwa daktari kuchukua vidonge vya mwezi wa pili. Nitamwambia naendelea vizuri. Kuna lolote nimwambie?

Mapazia


Kituoni, 31 Machi

Wifi Mapazia,

Dereva ana haraka, mvua inakuja, kwa hiyo ni fupi. Barua yako nimeipokea, nitaisoma akiondoka, nitaitafuna polepole.

Sijavuta. Ila juzi niliteleza nje karibu na mtungi wa mvua. Sikumbuki vizuri. Nilijikuta chini, mtungi umepinduka, nguo zimelowa chapachapa, mvua imeninyea muda mrefu. Nimejiuma ulimi, na mwili mzima unauma utadhani nimebeba mawe. Nilikosa kipindi kimoja cha kusoma, nikawatajia tarakimu za kukisia. Hakuna aliyegundua. Wakasema "nimepata."

Ni utelezi tu. Nimekwambia kwa sababu huku hakuna mwingine wa kumwambia.

Mawingu


Mjini, 5 Aprili

Wifi,

Barua hii itakufikia kwa lori, lakini najua redio imeshanitangulia. Najua na ulivyokasirika. Isome hata hivyo.

Nilikwenda kliniki na barua yako mkobani. Daktari akaniuliza kama kuna kitu kimenipata tangu nianze dawa. Nikasema hapana, ila niliteleza mara moja. Nilisema hivyo kwa ajili yako, nilitaka labda akupe dawa ya maumivu. Nikamsimulia kama ulivyoandika, mvua, kutokukumbuka, ulimi. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hiyo siyo kuteleza," akasema. "Nionyeshe ulimi."

Wifi, nilifungua mdomo. Ningefanya nini? Akamulika, akaugeuza huku na huku, ulimi mzima hauna hata mkwaruzo. Akanitazama. Sikuweza tena. Nililia pale kwenye kiti chake, nikamwambia mgonjwa si mimi, mimi sijawahi kuvuta hata moja maishani mwangu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniambia dawa ile hapewi mtu mwenye kifafa, wala aliyewahi kuwa nacho, kwa sababu inaweza kukiamsha. Akasema yale maswali yake ndiyo nusu ya dawa, na mimi nilikuletea nusu nyingine tu. Akaniuliza kama wewe umewahi kuanguka. Nikasema sijui. Nilikuwa dada yenu kwa ndoa miaka yote hiyo, na sijui.

Nilimpigia mama mkwe kutoka palepale. Alianza kulia. Akasema tangu ukiwa shule ya msingi. Akasema kaka yako alikuwa anakaa dawati la nyuma yako ili akudake, na kwamba aliapa hatamwambia mtu. Hakumwambia mtu kweli. Amelala ubavuni mwangu miaka yote na siri yako, amekwenda nayo.

Daktari alisema usimeze hata kimoja zaidi, na mtu aende kukuona. Lori lilikuwa limeshapita, jingine ni mpaka katikati ya mwezi. Ningekuandikia, na wewe ungekuwa unameza asubuhi na jioni barua ikiwa njiani. Kulikuwa na redio tu, na redio ni ya ofisi yenu. Nilisimama nje ya lango lao nikijua nikiingia nakupotezea kazi. Nilijua, wifi, sikuwa mjinga wa hilo. Niliingia. Mkuu wenu aliniuliza kwa nini ujumbe wa vidonge upitie redio ya hali ya hewa, na uongo wa kumjibu sikuwa nao. Nilikuwa nimeumaliza wote kwa daktari.

Unaishi? Hilo tu ndilo ninalotaka kujua.

Mapazia


Kituoni, 14 Aprili

Wifi,

Ninaishi.

Nilikuwa nimewatajia joto na mvua, nangoja aseme "nimepata." Badala yake sauti ya mkuu ikaingia. Akanisomea ujumbe wako wote, na wanaosikiliza masafa hayo ni vituo vyote vya milimani. Wote sasa wanajua. Walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ulikiingiza ndani ya nguo, ndani ya kopo la vifungo, nami nikakushukuru.

Uliulizwa juu ya mwili wangu, ukajibu wewe. Kifafa hapana, kichwa hapana. Nani alikwambia hapana? Ungeniuliza.

Najua utakachosema. Kwamba nilikukataza maswali. Nilikukataza, ndiyo. Kila daktari huanza na swali lile, ndiyo maana siendi kwa madaktari. Nikijibu kweli naandikwa, nikiandikwa siruhusiwi kukaa kituoni peke yangu. Ungelileta lile karatasi ningelisoma, ningeona neno kifafa, nisingemeza. Nasema hivi. Huenda ningemeza. Sijui.

Shuleni nilianguka mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Baada ya siku hiyo hakuna aliyekubali kunywa maji kikombe kimoja na mimi, ila kaka. Miaka ilipita hali ile haikurudi, nikadhani imekwisha. Lakini sikuacha kuitegea. Niliomba kazi hii ambayo kila mtu anaikimbia kwa sababu mlimani naweza kuanguka na nisichekwe na mtu. Nilikuwa mpweke, sawa, lakini upweke ule niliuchagua mwenyewe. Huu ulionipa sasa sikuuchagua.

Mpimaji mpya amekuja na lori hili. Ni kijana mchangamfu, ameshaniuliza mtandao unapatikana wapi. Nashuka leo. Kwako sitafikia. Usije kunipokea.

Mawingu, kama bado naruhusiwa kujiita hivyo


Mjini, 27 Aprili

Wifi,

Naipeleka barua hii kwa mlinzi wa ofisi yenu, anasema atakupa mkononi. Sijamuuliza unakaa wapi. Nilitaka kumuuliza.

Sitakuomba msamaha kwa sababu ya redio. Nikirudishwa pale langoni leo nitaingia tena, hata kama utanichukia mpaka kaburini, maana mtu anayenichukia ni mtu aliye hai. Lakini kwa ajili ya karatasi lile nakuomba msamaha. Lilikuwa na mstari unaokuhusu, na mimi niliamua kwamba huhitaji kuusoma. Nilijiona mjanja. Na kwa ajili ya kujibu badala yako, nakuomba msamaha. Nilikuwa nimefurahi mno kuwa na mtu wa kumhangaikia, nikasahau kumuuliza mtu mwenyewe.

Daktari anasema ukija hatakuuliza habari zangu. Anasema kuacha sigara kunawezekana hata kwa mwenye kifafa, ziko njia nyingine, lakini lazima akuone wewe, aulize na wewe ujibu. Yuko Jumanne na Alhamisi.

Mapazia


Mjini, 2 Juni

Wifi Mapazia,

Nimekwenda. Nilipangwa kwa daktari yuleyule. Alipofika kwenye lile swali nilikaa kimya, akangoja, kweli anangoja. Nikasema ndiyo. Miaka thelathini sijawahi kulisema kwa mdomo wangu. Hakusogeza kiti nyuma. Aliandika tu, akaniuliza linalofuata.

Ameanza na dawa ya kifafa, na amenituma kwa bingwa wake. Sigara nilikuwa nimeirudia siku niliyoshuka, sitakuficha, nilivuta palepale stendi mbili mfululizo nikiwa nimekalia mzigo wangu. Sasa ninabandika plasta mkononi kila asubuhi, inatoa nikotini kidogo kidogo, na nina ubani wa kutafuna, nao una nikotini, hamu ikizidi. Plasta inawasha. Kikohozi kimepungua. Mapafu yangu amesema si mazuri lakini si ya kaka. Amesema nimewahi.

Ofisini wamenipa chumba cha kumbukumbu, nanakili mvua za zamani. Hawanicheki. Wana adabu mno, wananizunguka polepole na hawaniruhusu hata kubeba birika. Adhuhuri wanakwenda kula pamoja, mimi nasema nina kazi. Nimepanga chumba nyuma ya kiwanda cha matofali. Dirisha halina pazia, nimetundika shuka.

Nina hasira na wewe bado. Sio kila siku. Nikiamka mzima huwa najua ni kwa nini nimeamka mzima, na hilo nalo linanikasirisha.

Jumamosi nilipanda basi mpaka kwako. Nilifika mlangoni. Nikasikia cherehani yako inakimbia ndani, nikajiambia ana kazi za watu, nisimkatize, nikageuka. Nikarudi kwa miguu njia yote. Sasa tuko mji mmoja na bado tunaandikiana barua, watu wakisikia watatucheka.

Mawingu


Mjini, 4 Juni

Wifi yangu,

Jumamosi sikuwa na kazi ya mtu. Tangu kaka yako afe, wakati mwingine naiendesha cherehani bila uzi wala kitambaa, ili nyumba iwe na sauti.

Ukija tena, gonga kwa nguvu. Nikiwa naiendesha sisikii.

Mapazia